Sultani wa Hama na Historia Aliyoiishi

Mji wa Tripoli, katika pwani ya Sham, uliangukia mikononi mwa jeshi la Misri mwezi Aprili 1289, baada ya kukaliwa na Wafaranki, kama Waarabu walivyowaita Wazungu wa Vita vya Msalaba, kwa miaka 180. Wakazi wengi walikimbilia kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari, na askari wakawafuata huko huko. Vita vilipokwisha, kijana wa miaka 15 alipanda mashua kwenda kukiona kisiwa hicho. Alikikuta kimejaa maiti zilizokwisha kuoza, na harufu ikamfukuza. Miaka mingi baadaye kijana huyo, akiwa sasa mtawala wa mji wa Hama, huko huko Sham, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha historia kwa maneno machache tu, bila kuyaremba na bila kujivunia ushindi wa upande wake.

Jina lake ni Ismail bin Ali, maarufu kwa kuniya ya Abu al-Fida. Alizaliwa Dameski mwaka 1273 na kufariki Hama mwezi Oktoba 1331. Katika miaka hiyo karibu 58 alikuwa askari, mwana wa ukoo uliopoteza mji wake, liwali, kisha sultani. Alikuwa pia mwandishi wa vitabu viwili vilivyosomwa kuanzia Sham hadi Paris. Watu wanaomtaja leo humsifu kwa wingi wa elimu yake, na sifa hiyo anaistahili. Lakini kuna swali ambalo sifa hizo hulipita haraka: mtu anayekula kwa hisani ya sultani mkubwa, anayevaa joho alilovishwa na sultani huyo, tunaweza kumwamini kiasi gani anapoandika historia ya zama zake? Kwa maoni yangu jibu linategemea ukurasa tunaousoma, na mpaka kati ya kurasa za kuaminiwa na kurasa za kutiliwa shaka unafuata mwendo wa maisha yake mwenyewe.

Asili yake ni Kikurdi. Ukoo wa Ayyub ulitoka Dvin, katika nchi ya Armenia, na ulikuwa wa Rawadiya, mojawapo ya makabila ya Wakurdi. Shadhi, babu wa ukoo, alihamia Iraq, na Ayyub mwanawe alishika ngome ya Tikrit. Huko ndiko alikozaliwa Salahuddin, aliyekuja kuitwaa Baitul Muqaddas mwaka 1187. Salahuddin alikuwa na ndugu mkubwa, Shahanshah, aliyekufa mapema. Mtoto wa huyo, Taqi al-Din Umar, akapewa Hama mwaka 1178, na tangu hapo mji ukarithiwa na kizazi chake. Abu al-Fida ni mjukuu wa mbali wa Umar huyo.

Wapo Waayyubi walioona haya juu ya asili hiyo. Mmoja wao, aliyetawala Yemen, alifika hadi kudai kwamba nasaba yao ni ya Bani Umayya. Abu al-Fida hakufuata njia hiyo. Alipofika katika habari za mababu zake aliandika kama alivyoandika mwanahistoria Ibn al-Athir kabla yake, kwamba watu hawa ni Wakurdi wa Rawadiya, akaendelea na habari nyingine. Hata hivyo tusimvike vazi la leo. Aliandika Kiarabu, alilelewa katika miji ya Sham, na utii wake ulikuwa kwa dini yake, kwa ukoo wake na kwa sultani wa Kairo. Wakurdi wa sasa wana haki ya kumhesabu kuwa wao, kwa kuwa nasaba yake iko wazi, lakini katika maandishi yake hatukuti taifa la Wakurdi kama tunavyolielewa neno hilo leo. Tunakuta nyumba ya watawala inayojua ilikotoka.

Kufikia wakati wa kuzaliwa kwake nyumba hiyo ilikuwa imebaki na kidogo sana. Mwaka 1250 Wamamluki, askari walionunuliwa utotoni kama watumwa, wengi wao Waturuki, waliwapindua Waayyubi huko Misri. Miaka 10 baadaye Wamongoli waliivamia Sham, wakaziteka Aleppo na Dameski. Mtawala wa Hama wa wakati huo, al-Mansur wa pili, alikimbilia Misri na kurudi na jeshi la Wamamluki lililowashinda Wamongoli katika vita vya Ain Jalut, Septemba 1260. Kwa uamuzi huo aliuokoa mji wake. Matawi mengine ya ukoo katika Sham yaling'olewa moja baada ya jingine. Hama ikaachwa, kwa sharti ambalo kila mtu alilielewa: jeshi lake liwe tayari Kairo itakapoita.

Na Kairo iliita mara nyingi. Abu al-Fida alikuwa na miaka 11 alipofuatana na baba yake kwenye mazingiwa ya ngome ya Marqab mwaka 1285, na mwenyewe anasema hivyo ndivyo vita vyake vya kwanza kuviona. Tripoli ikafuata. Kisha ikaja Akka, mwaka 1291, na hapa ndipo kalamu yake inapokuwa bora kuliko popote pengine katika kitabu.

Jeshi la Hama lilipitia kwanza ngome ya Hisn al-Akrad, yaani Ngome ya Wakurdi, kuchukua manjaniki kubwa, mtambo wa kurushia mawe ulioitwa al-Mansuri. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ulifunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika mikokoteni 100. Abu al-Fida, wakati huo amiri wa watu 10, alikabidhiwa mkokoteni mmoja. Ilikuwa mwisho wa majira ya baridi. Mvua na theluji viliwapata njiani, ng'ombe wa kukokota wakadhoofika na kufa kwa baridi, na safari ambayo mpanda farasi huimaliza kwa siku nane iliwachukua mwezi mzima. Waandishi wengine wa zama zile wanatuambia sultani al-Ashraf Khalil alileta mitambo mingi mbele ya kuta za Akka. Ni huyu peke yake anayetuambia mtambo mmoja uligharimu nini kufika. Anayetaka kujua vita vya karne ya 13 viliendeshwaje, kwa ng'ombe wangapi na kwa muda gani, hana budi kuanzia hapa.

Mbele ya kuta hizo anaendelea vivyo hivyo. Watu wa Hama walipangwa mwisho wa mkono wa kulia, bahari ikiwa ubavuni mwao, kwa hiyo anazungumzia zaidi meli za Wafaranki zilizofunikwa kwa ngozi za nyati, zikiwatupia mishale kutoka majini. Anasimulia usiku ambao Wafaranki walitoka kuishambulia kambi, wakajikwaa katika kamba za mahema, na mmoja wao akaangukia katika shimo la choo cha amiri na kuuawa humo. Mambo haya hayamtukuzi mtu yeyote. Hayamletei faida sultani, wala Hama, wala yeye mwenyewe. Ndiyo maana yanaaminika.

Kisha, ndani ya habari hiyo hiyo ya Akka, anateleza. Anatuambia Wafaranki waliutwaa mji kutoka kwa Salahuddin siku ya Ijumaa, tarehe 17 Jumada al-Thani mwaka 587 wa Hijra, wakawaua Waislamu waliokuwamo. Na Mwenyezi Mungu akakadiria urudi tarehe hiyo hiyo mwaka 690, kwa mkono wa Salahuddin mwingine, maana al-Ashraf Khalil naye alikuwa na lakabu hiyo. Ulinganifu huu unavutia. Lakini Akka ilianguka tarehe 18 Mei 1291, ambayo ni Jumada al-Awwal, mwezi mmoja kabla. Shahidi aliyekuwapo kwa macho yake, aliyekumbuka theluji na ng'ombe, amekosea mwezi, na kosa limeelekea upande ule ule ambao moyo wa mwana wa ukoo wa Salahuddin ungependa lielekee. Sidhani alidanganya. Nadhani aliandika miaka mingi baadaye, na kumbukumbu ikachagua tarehe iliyoleta maana. Msomaji wake makini ajifunze hapo jinsi ya kumsoma: katika mambo madogo aliyoyaona, mwamini; anapoanza kuyapanga matukio makubwa yatoe maana, shika kalenda.

Mwaka 1299 binamu yake al-Muzaffar, mtawala wa Hama, alifariki bila mtoto wa kumrithi. Jamaa wa ukoo walishindana juu ya nani amfuate, na ushindani huo ukawapa Wamamluki sababu waliyoihitaji: Hama ikapewa amiri kutoka nje. Kwa miaka 11 maliwali walibadilishana katika mji ambao ukoo wake uliutawala kwa zaidi ya karne moja. Mmoja wao alikuwa Kitbugha, ambaye kabla ya hapo alikuwa sultani wa Misri mwenyewe na akapinduliwa. Abu al-Fida aliendelea kuishi, kupigana inapobidi, na kusubiri.

Mtu aliyemsubiri alikuwa al-Nasir Muhammad. Huyu alitawazwa sultani wa Misri mwaka 1293 akiwa mtoto wa miaka minane, akaondolewa mwaka uliofuata, akarudishwa 1299, akachoshwa na maamiri waliotawala kwa jina lake, akajiondokea kwenda Karak mwaka 1309, na mwaka uliofuata akarudi Kairo akiwa na nguvu kamili. Urafiki wa watu hawa wawili ndio uliomrudishia Abu al-Fida mji wake. Oktoba 1310 alifanywa liwali wa Hama. Mwaka 1312 akapewa utawala wa maisha na lakabu ya al-Malik al-Salih. Mwaka 1320, baada ya kuhiji pamoja na sultani, alivishwa Kairo alama za usultani hadharani, akaitwa al-Malik al-Mu'ayyad. Chini ya Wamamluki hakuna aliyekuwa na heshima kama hiyo katika Sham nzima.

Kwa nini yeye? Waandishi wengi hutaja elimu na adabu yake, na bila shaka al-Nasir alifurahia kuwinda na kuzungumza na mtu wa namna ile. Mimi naona pia hesabu ya kisiasa. Sultani aliyewahi kupinduliwa na kuchoshwa na maamiri alijifunza kuwaogopa watu wenye kundi la askari nyuma yao. Mwana wa Ayyub, kutoka mji mmoja, asiye na kundi Kairo, hakuweza kumpindua mtu. Kumpa taji kulikuwa salama kuliko kumpa amiri wa Kituruki ngome moja. Zaidi ya hayo, jina la Ayyub bado lilikuwa na uzito, na sultani wa kizazi cha mamluki aliyekuwa na mtu wa jina hilo akimtumikia kwa unyenyekevu alijipatia heshima isiyonunulika.

Katika sehemu hii ya kitabu, msomaji mwangalifu anaanza kuhisi mkono ulioshikwa. Abu al-Fida anaandika safari zake za kwenda Kairo, zawadi alizopeleka, mavazi ya heshima na farasi aliyorudi nayo, amri zilizosomwa kumhusu. Kila fadhila ya sultani inaandikwa kwa tarehe yake. Ukali wa sultani huyo huyo, na alikuwa mkali, maana maamiri wengi waliomsaidia kurudi waliishia kifungoni, unapita kwa sentensi fupi zisizo na hukumu. Hakuna uongo hapo wa kumkamatia. Kuna ukimya wa mtu anayejua kwamba alichopewa kwa waraka kinaweza kuondolewa kwa waraka.

Lakini ukimya huo umetuachia hazina ya aina nyingine. Kwa kuwa heshima yake yote ilikuwa ya kupewa, aliandika kwa uangalifu mkubwa jinsi ilivyotolewa: nani alisimama wapi, vazi gani, cheo gani, waraka ulisema nini. Mtawala aliyejitegemea angeyaona mambo hayo kuwa madogo. Kwake yalikuwa ndiyo maisha. Kwa sababu hiyo kurasa ambazo kwa mtazamo wa kwanza ni za kujipendekeza ndizo zinazotufundisha jinsi dola ya Wamamluki ilivyowafunga watu wa mikoani kwa zawadi, kwa sherehe na kwa safari za kila mara.

Kitabu chenyewe, al-Mukhtasar fi Akhbar al-Bashar, ni muhtasari wa habari za wanadamu tangu zama za manabii hadi mwaka 1329. Sehemu ya zamani, ambayo ni kubwa, ameifupisha kutoka kwa wengine, Ibn al-Athir zaidi ya wote. Kwa habari za Waayyubi alikuwa na bahati ya jirani. Kadhi mkuu wa Hama katika ujana wake alikuwa Ibn Wasil, mwanahistoria wa ukoo huo, mtu aliyezaliwa mwaka 1208 na aliyewahi kutumwa na sultani Baybars kwa mfalme Manfred kusini mwa Italia. Abu al-Fida anasimulia kwamba alikuwa akimwendea, akimpelekea masuala ya hesabu za Euclid na kusoma kwake elimu ya arudhi. Mzee huyo alifariki mwaka 1298, mwaka mmoja kabla ukoo haujapoteza Hama. Ni vigumu kutoona kwamba mwanafunzi alirithi kazi ya mwalimu: kuiandika nyumba ya Ayyub kabla haijazimika.

Kitabu cha pili, Taqwim al-Buldan, alikimaliza mwaka 1321, naye akiwa sultani. Ni jiografia iliyopangwa kwa majedwali, na kwa kila mji anatoa longitudo, latitudo, chanzo alikopata vipimo hivyo, namna ya kulitamka jina, kisha maelezo mafupi. Msomaji wa sasa anaweza kukiona kikavu. Lakini ukikifungua kwa subira unakuta akili isiyovumilia uzembe: vyanzo viwili vinapotofautiana, anaviweka vyote viwili mbele yako. Katika utangulizi ameweka pia fumbo la kupendeza. Watu watatu wako mahali pamoja. Mmoja anazunguka dunia kuelekea magharibi, wa pili kuelekea mashariki, wa tatu anabaki. Wakikutana tena baada ya siku saba za yule aliyebaki, wa magharibi atakuwa amehesabu sita na wa mashariki nane. Yaani siku ambayo kwa mwenyeji ni Ijumaa, kwa mmoja itakuwa Alhamisi na kwa mwingine Jumamosi. Aliandika hayo karne mbili kabla mabaharia waliobaki wa msafara wa Magellan hawajafika visiwa vya Cape Verde mwaka 1522 na kushangaa kwamba hesabu yao ya siku imepungua moja.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo katika majedwali hayo. Anaitaja Malindi, Mombasa na Sofala, kwa habari alizozichukua hasa kwa Ibn Said, mwanajiografia wa Andalusia aliyefariki mwaka 1286. Habari zenyewe ni za kusikia, na maelezo ya milima na ghuba ni vigumu kuyalinganisha na nchi tunayoijua. Watafiti wa historia yetu wamezinukuu mara nyingi kana kwamba mtu wa Hama alikuwa na taarifa mpya kutoka Mombasa. Hakuwa nazo, na mwenyewe hakudai. Katika utangulizi amesema wazi kwamba vitabu alivyovipata havikufunika sehemu kubwa ya dunia, na kwamba kuhusu nchi za kusini, za Habasha, Zanj na Nuba, kilichowafikia ni kidogo na cha nadra. Ukweli huo una thamani kwetu kuliko vipimo vyake vya Malindi, kwa kuwa unatuonyesha wasomi wa Sham waliiona pwani hii kwa umbali gani. Aliyekuja kuiona kwa macho ni msafiri Ibn Battuta. Alipita Hama mwaka 1326, na kwa tarehe inayokubaliwa zaidi alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka ambao Abu al-Fida alifariki. Aliwakuta watu wa Mombasa wakifuata madhehebu ya Shafii, madhehebu yale yale ya mtawala wa Hama, ambaye aliwahi kukigeuza kitabu cha fiqhi ya Kishafii kuwa mashairi.

Hama ya siku zake ilikuwa mji wa elimu na wa maji, na yale magurudumu makubwa ya mbao yaliinua maji ya mto Asi hadi mashambani. Mshairi Ibn Nubata alipokea posho kwake na kumtungia kasida nyingi. Msikiti aliojenga kando ya mto, ambamo alizikwa, bado unaitwa kwa jina lake. Baada yake alitawala mwanawe al-Afdal Muhammad, kwa idhini ya al-Nasir yule yule. Mwaka 1341 al-Nasir alifariki, na mwaka huo huo al-Afdal akaondolewa. Miaka 10 ilitosha kuthibitisha kwamba usultani wa Hama ulisimama juu ya urafiki wa watu wawili tu.

Kitabu hakikuondolewa. Ibn al-Wardi, mwanachuoni aliyefia Aleppo kwa tauni mwaka 1349, alikifupisha na kukiendeleza. Ulaya nayo ilikipokea mapema: mwaka 1723 Jean Gagnier alichapisha huko Oxford sehemu inayohusu maisha ya Mtume, Reiske akaitafsiri historia kwa Kilatini, na Gibbon akaitumia katika kazi yake juu ya dola ya Roma. Kwa muda mrefu Wazungu waliosoma historia ya Uislamu waliisoma kwa jicho la Abu al-Fida. Kisha katikati ya karne ya 19 maandishi kamili ya Ibn al-Athir yakaanza kuchapishwa Leiden, na wasomi wakagundua kwamba walichokuwa wakikisoma ni muhtasari. Heshima ya Abu al-Fida ikashuka.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu ilimpima kwa sehemu aliyoinakili. Ilichukua hadi mwaka 1983 kwa P. M. Holt kuzitenga kurasa za maisha yake mwenyewe na kuzitafsiri kwa Kiingereza kama kumbukumbu za mtawala wa Sham, na kwa mara ya kwanza wasomaji wengi wakaona kilichokuwa kimefunikwa na karne zote zilizotangulia ndani ya kitabu kile kile. Kwa Kiswahili bado hatuna hata hizo. Tuna wafasiri wa Kiarabu wa kutosha, kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mfasiri atakayeamua kuanza asianzie kwa Adam kama kitabu kinavyoanza. Aanzie Marqab mwaka 1285, aende mpaka mwisho, na pale Akka aweke tarehe sahihi pembeni.